Mgeni njoo, mwenyeji apone: Krismasi ya joto na afya ya wazee wetu

Kila mwaka ifikapo wiki ya pili ya Desemba, muuguzi mmoja wa kliniki yangu hapa Mombasa hukata tawi la mvinje, akalisimamisha katika ndoo ya mchanga karibu na dirisha la kutolea dawa, kisha akachukua pamba na kuichambua juu ya majani ili iwe theluji. Chini ya theluji hiyo wagonjwa huketi kwenye mabenchi wakijipepea kwa kadi zao za kliniki, huku feni ya darini ikizungusha hewa ileile ya moto.

Wasomaji wapenzi, sina ugomvi na pamba ya muuguzi wetu. Tawi lile huwachangamsha wagonjwa, na watoto wanaoletwa kudungwa sindano husahau kulia kwa dakika moja au mbili. Lakini kila nikilitazama hukumbuka kwamba sikukuu hii sisi huipata wakati wa joto. Kaskazi inavuma, maembe yameiva, na jua la saa sita linachoma utosi. Kule kwetu Rabai, ambako wamisionari Krapf na Rebmann walifungua kituo chao mwaka wa 1846, vizazi kadhaa vya waumini vimeimba nyimbo za Krismasi huku vikifuta jasho. Mwili wa binadamu haudanganyiki kwa pamba. Unajua kwamba ni kiangazi, na mwili wa mzee unajua zaidi.

Ni desturi ya madaktari kutoa onyo mwezi huu: msile chumvi nyingi, msinywe kupita kiasi, msisahau vidonge. Nami nimeyasema hayo miaka mingi, na kila Januari nimewapokea wagonjwa walewale wakiwa na shinikizo la damu lililopanda na sukari iliyoharibika. Leo sitaki kuanza na makatazo. Nataka kueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, daktari, nyumbani kwa mama yangu mzazi.

Keti tu, mama

Mwaka wa 2018 ukoo wetu uliamua kukutana kwa mama siku ya Krismasi. Wakati huo alikuwa na miaka 74. Alikuwa na shinikizo la damu lililodhibitiwa vyema kwa vidonge viwili, kimojawapo kikiwa kile cha kuondoa maji ya ziada mwilini, ambacho humfanya mtu akojoe mara kwa mara. Tulifika watu ishirini na watatu kutoka Mombasa, Nairobi na Nakuru. Tulikuwa tumejitayarisha barabara. Mpishi wa pilau tulimkodi. Soda zilikuja kwa kreti. Kaka yangu alileta spika mbili kubwa, na dada yangu alimletea mama gauni jipya, zito, lenye bitana. Kila mama alipoinuka kutaka kushika kazi, tulimwambia kwa mapenzi yote, "Mama, wewe keti tu. Leo ni siku yako ya kupumzika."

Akaketi. Aliketi barazani, chini ya paa la mabati, tangu saa tatu asubuhi. Mimi nilimpitia mara mbili. Mara ya kwanza nilimuuliza, "Mama, umemeza dawa?" Akasema amemeza. Mara ya pili nilimpelekea sahani ya pilau. Sikumuuliza jambo jingine lolote.

Yapata saa kumi na moja jioni binti ya kaka yangu alinijia akacheka, akasema, "Shangazi, nyanya ananiita kwa jina lako." Nami nilicheka. Nilidhani amechoka tu. Ilipita karibu nusu saa kabla sijaenda kumtazama vizuri. Midomo ilikuwa imekauka, mapigo ya moyo yalikwenda mbio, ngozi ilikuwa ya moto, na hakujua kama ni asubuhi au jioni. Hakuwa amekwenda msalani tangu alfajiri. Siku nzima alikuwa amekunywa nusu chupa ya soda.

Usiku huo tulimpeleka hospitalini akatundikiwa maji, na kwa rehema za Mungu alipata nafuu. Aliporudi nyumbani nilimuuliza kwa nini hakuomba maji. Aliniambia kwamba choo kiko nyuma ya nyumba, na njia yote ilikuwa imejaa magari, viti na vijana wanaocheza. Hakutaka kupita katikati yao na mkongojo wake, wala kumsumbua mtu. Kwa hiyo aliona heri asinywe. Kisha akaongeza neno ambalo sijalisahau: "Mwanangu, mimi nilikuwa nikitazama Krismasi ya watu."

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wageni tulikuja, na mwenyeji akaugua.

Joto hufanya nini

Kabla sijatoa rai yangu, ni vyema tuelewane kuhusu mwili wenyewe. Mtu akipata joto, damu hukimbilia kwenye ngozi na jasho hutoka ili kumpoza. Maji yanayopotea hayana budi kurudishwa. Kijana huambiwa na kiu yake. Mzee hana bahati hiyo, kwa sababu hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, na figo zake haziwezi kuhifadhi maji kama zamani. Ongeza juu ya hayo kidonge cha kukojoza, chakula chenye chumvi nyingi na gauni zito, na hapo utaona jinsi mtu anavyoweza kukaukiwa akiwa amezungukwa na kreti za soda.

Dalili zake ni kizunguzungu anaposimama, mkojo mchache wenye rangi nzito, mdomo mkavu, usingizi usio wa kawaida, na hasa kuchanganyikiwa. Mzee akianza ghafla kuwaita watu kwa majina yasiyo yao, tafadhali usicheke kama nilivyocheka mimi. Mtoe juani, mlegeze nguo, mpanguse kwa kitambaa chenye maji, mpepee, na ikiwa yu macho na anameza vizuri mpe maji kidogo kidogo. Akiwa amechanganyikiwa au hawezi kumeza, mpeleke hospitalini mara moja. Usingoje pilau liishe.

Hata hivyo, mtu asiache vidonge vyake kwa ajili ya habari hii. Anayemeza dawa ya kuondoa maji, au mwenye ugonjwa wa moyo au figo, amwone daktari wake kabla ya sikukuu, amuulize kiasi cha maji kinachomfaa wakati wa joto. Hilo ni swali la dakika tano, nalo laweza kuokoa maisha.

Rai yangu

Sasa nifike kwenye rai yenyewe. Mama hakuugua kwa sababu ya joto peke yake. Joto analo kila mwaka. Aliugua kwa sababu tulimvua kazi, tukamvua na sauti, tukamwachia kiti. Mtu aliyeketi pembeni siku nzima hakuna anayegundua kama hajanywa maji. Mtu aliye katikati ya shughuli huonekana. Nasema, basi, kwamba njia bora ya kumlinda mzee katika Krismasi yetu ya joto ni kumpa nafasi yake katika sherehe: awafundishe watoto kazi ya mikono na aongoze nyimbo. Yaliyobaki, yaani maji, kivuli na dawa, hufuata kwa urahisi.

Mwaka wa 2019 mama mwenyewe ndiye aliyetoa masharti. Spika zibaki Mombasa. Wajukuu wafike siku mbili kabla. Na kila mmoja aje akiwa tayari kutumia mikono yake. Tulipofika tulimkuta amekwisha kuanika miyaa. Aliwaketisha watoto chini ya mwembe, akawafundisha kusuka ukili, mmoja baada ya mwingine, akiwafumua walipokosea. Kazi ya kwanza ilikuwa vipepeo vya mkono, maana alisema wageni watahitaji kujipepea. Wadogo zaidi walitengeneza saa na miwani kwa majani ya mnazi, wakazitundika kwenye tawi la mvinje. Hapakuwa na pamba.

Siku ya Krismasi ibada ilipokwisha aliimbisha. Mjomba wetu alishika kayamba, mwingine akapiga ngoma, na mama akaanza nyimbo ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezisahau nusu. Nilichokiona kama daktari ni hiki: kila baada ya nyimbo mbili au tatu koo lilimkauka, na mjukuu mmoja akakimbia kumletea maji. Hakuna aliyemlazimisha. Njia ya chooni ilikuwa wazi kwa sababu mwenye mji alikuwa akipita hapo. Alasiri alilala kidogo kivulini, akaamka akaendelea. Jioni nilimpima, na shinikizo lake lilikuwa sawa kabisa.

Mwaka wa 2020, korona ilipotuzuia kukusanyika, aliwaimbia wajukuu kwa simu ya jirani, nao wakamwonyesha ukili waliokuwa wakisuka kwenye nyumba zao za ghorofa. Mmoja alikuwa amesuka vibaya. Mama alimwambia afumue.

Je, haya ni hisia tu?

Msomaji mwenye shaka atauliza: Je, daktari, haya si hisia za mtu na mamake? Ni swali la haki. Kisa cha mtu mmoja si ushahidi. Lakini mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na ikaonyesha kwamba muziki, kucheza na kazi za mikono vina mchango katika kuzuia maradhi na katika kuwasaidia wagonjwa. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 uliwagawa kwa kura wazee 258 wenye umri wa zaidi ya miaka 60: baadhi waliimba pamoja kila wiki, wengine wakaendelea na maisha yao kama kawaida. Walioimba walikuwa na hali bora ya akili kuliko wenzao.

Si ajabu. Anayeimba huvuta pumzi ndefu na kuitoa polepole. Anayesuka hutumia vidole, macho na kumbukumbu kwa pamoja. Juu ya yote, wote wawili hawako peke yao, na upweke ni mzigo mkubwa kwa moyo na akili za wazee. La muhimu ni kwamba wimbo haushiki mahali pa kidonge. Mama aliimba akiwa amemeza dawa zake.

Wapo pia watakaosema kwamba wazee wamefanya kazi ya kutosha, waachwe wapumzike. Nakubaliana nao kuhusu kazi ya kuchota maji na kupepeta mchele wa watu ishirini. Lakini kuna tofauti kati ya kumpunguzia mtu mzigo na kumwondoa katika shughuli. Penye wazee haliharibiki neno, walisema waliotutangulia; walimaanisha wazee wanaosikilizwa, si wazee waliowekwa barazani kama mapambo.

Mambo ya kutenda mwaka huu

Kwanza, pangeni siku kulingana na jua. Nyimbo na michezo ifanywe asubuhi na jioni. Kuanzia saa tano hadi saa tisa watu wakae kivulini kwenye upepo, na huo ndio wakati mzuri wa kazi za mikono. Nguo ziwe za pamba, nyepesi. Kama mnamnunulia nyanya gauni, kumbukeni mwezi.

Pili, mteueni mjukuu mmoja awe mtunza maji wa babu na nyanya. Kazi yake ni gilasi moja kila saa, au kiasi alichokubali daktari, na kuhakikisha njia ya msalani haizibwi. Watoto huipenda sana kazi yenye cheo.

Tatu, chakula. Katika joto letu pilau, nyama na chochote cha tui la nazi huharibika upesi. Kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na jua likiwa kali sana, zaidi ya saa moja. Wali uliolala nje usidhani utautibu kwa kuupasha moto, kwa maana sumu ya baadhi ya vijidudu haifi kwa moto. Chumvi kwa siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichwa katika viungo vya paketi. Maembe ni neema ya msimu, lakini mwenye kisukari atosheke na vipande vichache.

Nne, anayetumia insulini asiiache ndani ya gari wala dirishani penye jua. Pasipo na friji, hapo ufundi wa wafinyanzi wetu hutusaidia: tia mtungi mdogo wa udongo ndani ya mkubwa, jaza mchanga uliolowa katikati, weka dawa ndani ya mtungi mdogo ikiwa imefungwa isiingie maji, funika kwa kitambaa kibichi, na uweke kivulini penye upepo. Njia hii hufaa zaidi kwenye hewa kavu, kama vile Ukambani au Taita, kuliko penye unyevu wa ufuoni. Insulini haifai kugandishwa.

Tano, hadhari katika ufundi wenyewe. Mbegu za turituri, zile nyekundu zenye doa jeusi ambazo baadhi ya watu hutia ndani ya kayamba, zina sumu kali zikitafunwa. Mtoto asizichezee, na mtengeneze kwa mbegu nyingine. Mishumaa isikaribie majani makavu wakati kaskazi inavuma. Vibofu vilivyopasuka viokotwe mara moja, kwani mtoto mdogo huweza kusakamwa navyo. Na kuhusu spika, kipimo ni rahisi: ikiwa yakupasa upige kelele ili mtu aliye hatua moja nawe akusikie, masikio yenu yanaumia.

Utaniambia kwamba mamako hajui kusuka. Hapana shaka anajua kitu. Kuna anayejua kufuma vitambaa vya viti, mwingine kiondo, mwingine kuchonga mwiko. Kuna babu anayejua kutengeneza gari la waya, na mwingine anayejua kufunga mpira wa matambara, mpira ambao watoto wameuhitaji tena tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka wa 2017. Muulize. Huenda hajaulizwa kwa miaka ishirini.

Na usiyekuwa na mzee wako karibu, au uliyefiwa mwaka huu, au unayelinda lango la watu siku hiyo, usikae kimya na simu. Karibu kila kwaya hufurahia sauti moja zaidi, na jirani aliye peke yake yupo kwenye kila ploti. Sisi huku Pwani tumezoea sahani kuvuka ua siku ya Krismasi kama zinavyovuka siku ya Idi. Mpe jirani sahani, kisha keti naye.

Mama yangu angali hai. Wiki iliyopita alinipigia simu kuuliza ni wajukuu wangapi watakaofika mwaka huu, apate kujua aanike miyaa kiasi gani. Nilimuuliza, kwa mazoea, kama amemeza dawa. Alisema amemeza. Kisha nikakumbuka, nikamuuliza ni wimbo gani atakaoanza nao. Tulizungumza karibu saa nzima.

Nawatakia Krismasi njema, yenye kivuli, maji na nyimbo. Wageni mwende, na wenyeji wapone.